Bwana Kheri, theluji na maswali tunayoyakatiza makongamanoni

"Muda umetutupa mkono, kwa hivyo wenye maswali watayauliza wakati wa chai." Ni nani aliyewahi kuhudhuria kongamano la kitaaluma asiyeijua kauli hii? Mgeni wa heshima amechelewa saa nzima, hotuba za kumkaribisha zimekula saa nyingine, mtoa mada wa kwanza ametumia dakika 30 badala ya 20, na mwenyekiti wa kikao, maskini, hana pengine pa kubana ila zile dakika tano zilizoandikwa "Maswali na Majibu". Basi zinakatwa. Watu wanapiga makofi, wanatoka kwenda kutafuta mandazi.

Siku hizi baadhi ya wenzangu wameenda mbali zaidi. Wanataka kipindi hicho kifutwe kabisa kwenye ratiba. Hoja zao si za kupuuzwa. Wanasema wengi wanaoinua mikono hawaulizi, wanahutubia. "Mimi sina swali, nina maoni machache tu," halafu hayo machache yanachukua dakika saba na wala hayahusiani na mada. Wanasema wapo maprofesa wanaovizia wanafunzi wa uzamili ili wawaaibishe hadharani. Isitoshe, wanasema, anayetaka kuielewa makala ataisoma ikichapishwa, na mwenye swali la maana atamwandikia mwandishi baruapepe. Nimekaa kwenye vikao vya aina hiyo kwa zaidi ya miaka 30, na siwezi kusema wanadanganya.

Hata hivyo, naona wanakosea, na ushahidi wangu si wa leo. Unatoka nyikani, kati ya milima ya Bura na Taveta, katika sehemu ambayo sasa ni Kaunti ya Taita Taveta.

Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmishonari Mjerumani aliyetumwa na shirika la Church Missionary Society la Uingereza, alikuwa njiani kutoka Rabai kwenda Uchagani. Haikuwa mara yake ya kwanza kuzuru Taita. Oktoba 1847 alikuwa amefika Kasigau, mlima alioutaja kwa jina la Kadiaro. Kiongozi wa msafara wake alikuwa Bwana Kheri, Mswahili aliyezijua njia za bara. Asubuhi hiyo Rebmann aliona mbele yake mlima mrefu, na juu ya kilele chake kitu cheupe ambacho kwanza alidhani ni wingu. Akamuuliza kiongozi wake: kile cheupe ni nini? Bwana Kheri alimjibu kwa neno moja tu, nalo Rebmann akaliandika katika shajara yake kwa namna alivyolisikia: beredi. Yaani baridi.

Hebu tulitue neno hili kidogo, kwa kuwa safu hii ni ya lugha. Leo tungesema theluji, neno lililotoka Kiarabu, au barafu, ambalo asili yake ni Kiajemi. Bwana Kheri hakutumia lolote kati ya hayo. Mtu wa Pwani ambaye hajashika theluji hana sababu ya kuwa na jina lake mdomoni. Alichokuwa nacho ni habari za yanayompata anayekisogelea kitu kile, kwa hiyo akakitaja kwa athari yake. Naye Rebmann, aliyezaliwa na kulelewa katika nchi yenye majira ya baridi kali, akaunganisha weupe na ubaridi papo hapo, akajua ni theluji. Swali fupi, jibu la neno moja, tena kwa Kiswahili, na jambo likaisha.

Liliisha pale nyikani. London halikuisha.

Rebmann aliendelea kuuliza katika safari zake. Miongoni mwa aliyosimuliwa ni habari za Rungua, mfalme wa Machame, aliyewahi kutuma watu wapande wakachunguze kama ule weupe ni fedha. Ilisemwa kwamba aliyerudi alikuwa mmoja, mikono na miguu yake ikiwa imeharibiwa na baridi. Huo ni ushahidi wa kutosha kabisa kwa mwenye masikio. Lakini taarifa ya Rebmann ilipochapishwa Uingereza mwaka wa 1849, mwanajiografia William Desborough Cooley aliipinga vikali. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani. Mmishonari huyo ana macho mabovu, ameona miamba inayong'aa juani, au ameona alichotaka kuona. Cooley aliyarudia hayo katika kitabu chake cha 1852, Inner Africa Laid Open. Mwenyewe hakuwahi kukanyaga Afrika.

Tusimwone Cooley kuwa mjinga. Alikuwa miongoni mwa wasomi wachache wa Ulaya wa enzi yake walioona umuhimu wa kuwauliza Waswahili wenyewe. Miaka ya 1830, mfanyabiashara kutoka Afrika Mashariki aliyeitwa Khamis bin Uthman alipofika London, Cooley alimhoji kwa kina kuhusu njia za misafara na ziwa la bara, na mwaka wa 1845 akachapisha makala ndefu iliyojengwa kwa sehemu kubwa juu ya majibu hayo. Kosa lake lilikuwa kwamba safari hii aliuliza akiwa mbali na wote walioweza kumjibu. Barua zilichukua miezi baharini. Mapingamizi yake yalitokea kwenye majarida, majibu yakaja baadaye, mapingamizi mapya yakafuata. Bwana Kheri hakuulizwa tena, na hakukuwa na mtu London wa kusema, "Ngoja kidogo, Bwana Cooley, yule kiongozi alisema ni baridi, na mwamba unaong'aa hauli vidole vya mtu."

Matokeo yake ni kwamba jambo la dakika moja lilichukua zaidi ya muongo mzima. Mwaka wa 1861 Karl Klaus von der Decken alipanda sehemu ya Kilimanjaro akiwa na mwanajiolojia Richard Thornton. Mwaka uliofuata alirudi na Otto Kersten wakapita mita 4,000, na theluji ikawaangukia usiku. Mwaka wa 1864 Decken alitunukiwa medali ya dhahabu na Royal Geographical Society. Cooley? Bado alibisha. Mwaka wa 1871 Charles New, mmishonari wa Kimethodisti aliyekuwa Ribe, alipanda hadi penye theluji yenyewe. Kutoka neno la Bwana Kheri hadi hapo ni miaka 23.

Najua atakayesema nini. "Profesa, huyu Cooley si ndiye yule yule wa 'nina maoni machache tu'? Mfano wako unatuunga mkono sisi." Kwa kiasi fulani, ndiyo. Cooley ni babu wa wote wanaoinua mkono ili kutetea kitabu chao. Lakini tazama mfano wa pili, unaomhusu Rebmann huyo huyo.

Yeye na mwenzake Jakob Erhardt walikusanya habari kutoka kwa wafanyabiashara wa misafara, na katikati ya miaka ya 1850 wakatoa ramani ya bara la Afrika Mashariki yenye ziwa moja kubwa ajabu, lenye umbo la koa. Ndiyo, yule mdudu wa bustanini asiye na gamba. Mwaka wa 1856 ramani hiyo ilijadiliwa London, katika Royal Geographical Society. Wapo walioicheka, wapo walioitikisia kichwa. Ila pale watu waliketi pamoja, wakaulizana, wakashindwa kukubaliana, na kwa kuwa walishindwa hadharani, ikabidi watume watu wakatazame. Ndipo Richard Burton na John Speke walipotumwa, wakaondoka pwani mwaka wa 1857, na mwaka wa 1858 ikathibitika kwamba lile koa lilikuwa maziwa zaidi ya moja yaliyobandikwa pamoja. Ramani ilikuwa na kosa kubwa. Maswali ndiyo yaliyolifichua, na wenye ramani hawakupungukiwa na chochote kwa kuulizwa.

Burton na Speke wenyewe walikuja kugombana kuhusu chanzo cha Mto Nile. Iliamuliwa wakabiliane hadharani mjini Bath, Uingereza, tarehe 16 Septemba 1864, mbele ya wanajiografia. Ukumbi ulijaa. Kumbe jana yake Speke alikuwa amekufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe alipokuwa akiwinda. Mdahalo haukufanyika, na suala likabaki kiporo hadi Stanley alipolizunguka Ziwa Victoria mwaka wa 1875. Kinachonishangaza mimi si kifo kile, chenye habari nyingi zilizokwisha kuandikwa. Ni kwamba kulikuwa na mtu aliyetembea na wote wawili, aliyezijua safari zote, aliyezungumza Kiswahili na watu wa njiani na Kihindustani na Speke: Sidi Mubarak Bombay. Jumuiya ile ya London ilimkumbuka baadaye kwa medali na posho, lakini siku ya Bath hayumo ukumbini, na sidhani kuna aliyefikiria kumwalika.

Kwa maoni yangu suala zima limelalia hapo. Kipindi cha maswali hakina thamani kwa sababu tu kimeandikwa kwenye ratiba. Thamani yake inategemea ni nani yumo chumbani, na anaruhusiwa kuuliza kwa lugha gani.

Turudi Taita. Neno baraza, katika miji ya Pwani, ni kile kibao cha mawe mbele ya nyumba ambapo watu huketi jioni, wakazungumza, wakabishana, wakaulizana habari. Serikali ya kikoloni ililichukua neno hilo ikalipa kazi nyingine. Baraza la Bwana DC lilikuwa mkutano wa kusikiliza amri: kodi, kazi, mifugo ipunguzwe, ardhi imechukuliwa. Neno lilibaki, kuulizana kukaondoka. Katika milima ya Taita wenye maswali kuhusu ardhi, ikiwemo ile iliyogeuzwa mashamba ya mkonge, walilazimika kutafuta baraza lao wenyewe, na mwishoni mwa miaka ya 1930 wakaunda Taita Hills Association, ambapo jina la Woresha Mengo lilivuma. Jibu la serikali lilikuja mwaka wa 1940. Chama kilipigwa marufuku pamoja na Kikuyu Central Association na Ukamba Members Association, na viongozi wakazuiliwa. Swali la ardhi halikupigwa marufuku, maana lipo hadi leo. Mbuga za Tsavo zinachukua zaidi ya nusu ya eneo la kaunti hii, na kila anayelima karibu nazo ana la kumuuliza mtafiti wa ndovu.

Wasomi wa lugha nao tuna dhambi zetu. Mwaka wa 1928, mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita kikaachwa kikiwa kimeketi nyumbani kwake. Waliokuwa na sauti pale walikuwa maafisa wa elimu, wamishonari na wataalamu kama Carl Meinhof. Maswali ambayo malenga na masheikh wa Mombasa wangeuliza asubuhi ile yamekuwa yakiulizwa kwa uchungu kwa karibu miaka 100. Juni 1962, waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza walikutana Makerere wakajiuliza fasihi ya Kiafrika ni nini. Shaaban Robert hakuwemo. Alifariki mwezi huo huo. Swali lililopaswa kuulizwa ukumbini, kwamba je, fasihi hiyo yaweza kuwa ya Kiafrika ikiandikwa kwa lugha za Ulaya peke yake, liliulizwa mwaka uliofuata na Obi Wali wa Nigeria, katika jarida la Transition. Likawachoma wengi. Ngũgĩ wa Thiong'o aliendelea kulitafuna kwa miongo kadhaa.

Wapo wanaoniambia kwamba kumuuliza mkubwa hadharani ni desturi ya Wazungu, eti heshima zetu hazituruhusu. Sikubali. Ni kweli vyuo vikuu vya Ulaya ya kale, Paris hasa, vilikuwa na vikao ambapo mwalimu aliketi akaulizwa swali lolote na mtu yeyote, na wengine walivikwepa kwa kuviogopa. Lakini hapa kwetu Muyaka bin Haji alijibizana na washairi wa Lamu kwa tungo, tena katika mambo mazito ya vita na utawala. Fumbo lilitungwa, likatumwa, na aliyeshindwa kulifumbua aliaibika. Kurasa za mashairi magazetini zimeendeleza desturi hiyo. Mtu huuliza kwa beti sita, akajibiwa wiki mbili baadaye kutoka Kwale au Tanga. Kwenye darsa za misikitini mwanafunzi husoma, sheikh akafasiri, na maswali hufuata kabla watu hawajatawanyika. Heshima haikuzuia kuuliza. Ilifundisha namna ya kuuliza.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye kongamano katika hoteli moja mjini Voi. Mji huu unafaa sana kwa shughuli hizi: reli iko hapo, barabara ya Nairobi na Mombasa iko hapo, na hoteli ni nyingi kwa sababu ya watalii. Msomi kijana, tena hodari, alitoa mada kuhusu fighi za Wadawida. Katika slaidi zake fighi ilifasiriwa kuwa "msitu mtakatifu". Mzee mmoja aliyealikwa na wenyeji, aliyeketi safu ya nyuma na kofia yake magotini, akainua mkono. Mwenyekiti akasema muda umekwisha. Kwenye chai nilimfuata mzee yule nikamwuliza alitaka kusema nini.

"Nilitaka kumuuliza kijana wetu," akasema, "fighi ni ule msitu, au ni kile kinacholinda, na msitu ukawa nyumba yake tu? Maana kama ni msitu, basi mkikata miti imekwisha. Sisi hatukuambiwa hivyo na wazee."

"Mzee, mbona hukumwambia mwenyewe?"

"Amezungukwa na wakubwa pale. Na ninyi mnasema Kiingereza."

Sijui kama kuna swali la maana zaidi lililoulizwa siku zile tatu. Linagusa tafsiri, linagusa dini, linagusa hata namna ya kuhifadhi mazingira. Na lilitoka kwa mtu pekee ukumbini aliyekua akiishi karibu na kinachozungumzwa. Tulikuwa tumemleta mpaka mlangoni, tukamlisha chakula cha mchana, tukampiga picha, halafu tukampa jukumu la Bwana Kheri baada ya kuulizwa: kunyamaza na kubeba mzigo. Makala ikichapishwa, fighi itakuwa msitu mtakatifu. Atakayefuata ataikariri, na baada ya miaka kumi itakuwa kwenye kitabu cha shule cha wajukuu wa mzee yule.

Kwa hivyo ninapoambiwa tufute kipindi cha maswali, najibu kwamba kama kuna cha kukata, tukate mada. Msomi asiyeweza kusema alichogundua kwa dakika 12 hataweza hata akipewa 40. Mgeni wa heshima aje mapema au hotuba yake isomwe jioni. Mwenyekiti asiwe mtu wa kushika saa tu. Amzuie mwenye maoni machache yasiyokwisha, amkinge mwanafunzi anayewindwa, na neno la kwanza ampe mtu wa mahali panapozungumziwa, si profesa wa safu ya mbele. Swali likija kwa Kidawida au Kitaveta, atafutwe wa kulifasiri. Vyuo vyetu vina wanafunzi chungu nzima wanaoweza kuifanya kazi hiyo, na Chuo Kikuu cha Taita Taveta kipo hapo hapo.

Kuhusu baruapepe, nawauliza wenzangu ni mara ngapi wamepokea barua ya mkulima wa Kasigau au Mwatate akihoji jedwali lao la pili. Anayeandika baruapepe ni msomi mwenzako. Mwenye ujuzi wa jambo lenyewe mara nyingi ana njia moja tu ya kukufikia, nayo ni kuinua mkono mkiwa chumba kimoja.

Kuna jambo jingine ambalo ile jumuiya ya London ilitushinda. Tangu mwaka wa 1855 ilianza kuchapa taarifa za vikao vyake, ikiwemo mijadala iliyofuata baada ya makala kusomwa: nani alibisha, alisema nini, alijibiwaje. Sisi vitabu vya makongamano yetu huwa na makala matupu. Ukivisoma utadhani wasikilizaji wote walikuwa wamelala. Nimewapendekezea wahariri wawili wa majarida ya Kiswahili kwamba kila makala inayotokana na kongamano iambatishwe na maswali yaliyoulizwa, pamoja na majina ya waliouliza na mahali walikotoka, hata kama ni ukurasa mmoja. Mmoja ameniambia gharama ya karatasi imepanda. Wa pili ameomba nimwandikie mfano, nami nimeanza na lile la fighi, baada ya kupata idhini ya mzee.